Ufa Juu ya Kichwa cha Mama

Mie mwoga, na sioni haya kusema. Naogopa lifti, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa simu inayolia watu wakiwa wanakula. Marehemu baba yangu alikuwa akinicheka kwa hilo. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akisema, "basi kwako wewe kitakuwa kicheko mpaka majirani walalamike." Lakini woga wa mwaka ule haukuwa wa kuchekwa. Ulikaa juu ya kichwa cha mama yangu, katika kioo kikubwa kama mlango, na kila nikirudi kazini kitu cha kwanza kilikuwa kutazama juu nione umefika wapi.

Chumba chenyewe alikijenga baba. Ujanani alisoma Uingereza, na huko akaona watu wana vyumba vya vioo ubavuni mwa nyumba, wamepanda maua ndani, wanakaa kuota jua. Jua la kwao, sawa. Yeye alipostaafu akaja kujenga kama kile hapa Maskati, nyuma ya nyumba yetu ya Al Khuwair, kuta za vioo na paa la vioo, katika mji ambao mwezi wa sita ukiegesha gari nje usukani haushikiki. Watu wakamuuliza kama anajenga chumba au tanuri. Akafunga viyoyozi viwili, akachagua vioo vya rangi ili wa nje asione ndani, akapanda asumini na mrehani na mlangilangi kwenye mapipa, na wallahi, kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu hapakuwa na mahali pazuri kama pale. Yeye na mama walikunywa chai yao humo kila alasiri, wakibishana habari za Unguja, nani alikuwa jirani wa nani na duka la halua lilikuwa upande gani wa njia. Wote wawili waliondoka huko wadogo, hakuna aliyekumbuka sawasawa, na ndiyo maana ubishi haukuisha.

Baba alikufa baridi ilipoanza kuondoka. Alilala, hakuamka. Mama akaingia eda.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Mama alivaa nguo zake nyeupe, akavua bangili, na alfajiri ya siku ya nne, baada ya wageni wa matanga kuondoka, akaenda kukaa kwenye chumba cha vioo, kwenye kiti cha baba. Tangu siku hiyo akishasali asubuhi anakwenda pale, na hatoki mpaka isha, ila kwa chakula na udhu. Uani asingeweza kukaa, kwa sababu tumezungukwa na majengo ya fleti na kila roshani ina mwanamume anavuta sigara. Mie nilifurahi. Nilisema afadhali anaona mbingu, kuliko kujifungia chumbani kutazama ukuta.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mie niliachika zamani na sikujaaliwa mtoto, nikarudi kwa wazee wangu, na kazi yangu ni ya wizara, dakika kumi kwa gari. Nikishatoka asubuhi alikuwa akija mama mdogo, ndugu yake mama, kutoka Seeb, anamsikiliza, anampigia soga, adhuhuri anaondoka.

Mwezi wa pili wa eda, joto lilipoanza kupanda, nikasikia mlio. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, nimo jikoni nakata vitunguu. Tak! Mlio mmoja mkavu. Nikakimbia na kisu mkononi. Mama amekaa, tasbihi mapajani, anatazama juu. Kioo cha katikati, kile kilicho sawasawa na kiti, kimepiga ufa wa urefu wa shibiri kutoka pembeni.

"Mama, ondoka hapo!"

"Kimepasuka tu," akasema. "Hakijaanguka."

"Unasubiri kianguke?"

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye tasbihi yake. Nilimshika mkono nikamwinua, akainuka, akaja jikoni, akala. Nilipogeuka kuosha vyombo nikasikia kiti kinalia. Ameshakwenda kukaa tena.

Kila niliyemwambia aliniletea methali ileile, usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba nilikuwa sijaisikia. Kazini, madukani, kwenye simu. Nikawa nawajibu kwa ukali, nawaambia ukuta si shida yangu, kuta nnazo, mie shida yangu ni paa na aliyekaa chini yake. Mwenzangu mmoja ofisini ndiye aliyenifaa. Alinipa namba ya fundi mwenye karakana ya vioo na aluminiamu kule Rusayl, kwenye viwanda. Nikampigia. Alizungumza Kiarabu cha mafundi, kile cha maneno kumi, nami nikawa simfahamu na nimechoka, nikanong'ona peke yangu, "Yarabi, huyu naye kanena nini?"

Akacheka sana. "Kumbe tunasikizana, mama! Mimi ni Mkenya. Ongea tu."

Nikamtumia picha. Hakucheka tena. Akaniuliza paa lina umri gani, nikamwambia miaka kumi na tano. Akauliza kama vioo vina muhuri mdogo pembeni. Nikapanda juu ya meza, nikatazama, havina.

"Basi hiyo ni kioo ya kawaida, mama, ile ya dirisha. Haifai kuwekwa juu ya watu. Ikipasuka haivunjiki vipande vidogo vidogo, inashuka vipande kama panga. Na hizo mpira za kandokando zimekauka, jua likipiga aluminiamu inavimba, kioo inakosa nafasi. Si ati nataka kukutisha."

Si ati anataka kunitisha! Nilikaa kwenye ngazi na simu sikioni. Baba, mtu wa mahesabu na tahadhari, alikuwa ametulaza chini ya mapanga miaka kumi na tano bila kujua.

"Naweza kuja kesho na vijana wawili," fundi akaendelea. "Tunatoa hiyo moja kwanza. Masaa mawili, khalas."

Nikamwambia siwezi, mama yangu yumo eda. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, akasema kwao mtu akifa ndiyo kwanza wanaume wanajaa uani na misumari ya tenti. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: mama hawezi kukaa chumbani kwake masaa mawili, mlango umefungwa?

Anaweza. Nami nilikwenda kumwambia hivyo.

"Nyumba yenye eda haigongwi nyundo," mama akajibu.

"Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo. Wanaume hawatembei juu ya kichwa cha mjane. Subiri eda iishe."

Nimeishi miaka hamsini na moja katika dini hii na katika ukoo huu, na sheria hiyo nilikuwa sijaisikia kwa shekhe wala kwa bibi. Nikamuuliza mama mdogo, na yeye ni mwanamke asiyeficha neno, nusu ya Seeb inamjua kwa sauti. Akasema, "Haimo katika kitabu chochote hiyo. Kaizua. Lakini mwanamke yumo eda, mwanangu, nani atambishia? Mimi simo."

Kweli, kwetu hakuna anayembishia. Mjane akisema chai ina chumvi, utamwaga utapika nyingine. Miezi minne na siku kumi ni yake, na ndugu wote wanatembea kwa ncha za vidole. Nami niliyelelewa hivyo nilifyata mkia, huku ufa unakwenda.

Ulikwenda kweli. Wiki ya kwanza shibiri, wiki ya tatu dhiraa, na ukapata tawi. Nilijaribu kila njia. Nilikisogeza kiti pembeni, nikirudi nakikuta mahali pake. Nikafunga mlango wa chumba cha vioo, nikatia ufunguo kwenye mkoba, nikaenda nao kazini. Mama hakunigombeza. Nilirudi nikamkuta amekaa sakafuni nje ya mlango ule, mgongo kwenye ukuta, na mama mdogo akaniambia hakula. Siku ya pili hivyohivyo, hakula wala hakusema. Sura yake imekuwa ndogo. Siku ya tatu asubuhi nikaogopa zaidi njaa kuliko kioo, nikafungua. Akapita mbele yangu, akaenda kukaa. Nilimkasirikia siku ile. Niliingia garini nikapiga kelele peke yangu kwenye foleni ya barabara kuu, na Mhindi wa gari la pili akafunga dirisha lake.

Fundi akanifundisha kubandika. Nikanunua utepe mpana wa kufungia maboksi, na Jumamosi moja nikaleta ngazi, nikavaa glavu za jikoni na miwani ya jua, nikapanda. "Usisukume, mama," alikuwa ameniambia, "bandika tu kama plasta ya mtoto." Nilipofika juu uso wangu ulikuwa karibu na ufa kiasi kwamba niliona vumbi lililoingia ndani yake. Joto la kioo likanipiga. Ngazi ikatetemeka, nikawa nasoma Ayatul Kursiyu nakosea, naanza tena. Na yule mwanamke chini hajasogea. Nilimwomba aende jikoni, dakika tano tu, kwa ajili yangu. Akasema, "Ukiwa juu wewe, mie niende wapi?" Nikabandika vipande sita vilivyopinda, nikashuka.

Nikaanza kuota. Sitasimulia ndoto za kioo, zinajulikana zinavyokuwa.

Kuchagua paa jipya nako kukawa adhabu. Fundi alisema vifaa lazima vikatwe kwa kipimo, vichukue wiki mbili, kwa hiyo nichague mapema ili eda ikiisha siku ya pili yake waje. Nikaenda Rusayl siku ya kazi, nimeomba ruhusa. Karakana ilikuwa na kelele za misumeno na vumbi la aluminiamu linalong'aa mpaka kwenye nyusi za watu. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, ana kitambaa shingoni cha kufutia jasho. Akaniwekea vipande vitatu juu ya meza.

Cha kwanza kioo kipya, tabaka mbili zilizobandikwa utando wa plastiki katikati. "Tazama," akasema, na kabla sijajiandaa akakipiga nyundo. Nilipiga ukelele, misumeno yote ikanyamaza. Kioo kilipasuka chote lakini hakikudondoka hata chembe. Aliona fahari. Mie niliuliza uzito wake. Akakuna shavu, akasema ni kizito kuliko cha zamani, na zile fremu za mzee itabidi zitazamwe kama zitabeba. Basi nikaliona paa zima linashuka pamoja na fremu.

Cha pili plastiki ngumu, polikaboneti, nyepesi, ina matundu katikati kama biskuti za tabaka. Akaisimamia kwa miguu yake yote miwili na unene wake wote, haikufanya kitu. Inapitisha mwanga, lakini huoni mawingu wazi, unaona weupe. Baada ya miaka kadhaa jua litaifanya ya manjano. Nikauliza upepo. Akasema ikifungwa vizuri haiendi popote. "Na isipofungwa vizuri?" Akanitazama kama anayemhurumia mume wangu, ambaye sina.

Cha tatu paneli, mabati mawili yaliyobana povu nene, zile wanazojengea vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Haipasuki, haipitishi joto, haipitishi mwanga. Nikaikamata. Nzito kiasi, baridi kidogo hata katika joto lile. Nikasema hii.

"Lakini hiyo itakuwa giza, mama. Hakutakuwa tena chumba cha vioo. Itakuwa stoo."

"Stoo haiui mtu," nikamwambia.

Hata hivyo nikaomba vipande vyote vitatu, nikavipeleka nyumbani. Mama alivipokea kwa adabu kama zawadi za mgeni. Aliigonga paneli kwa ukucha. "Unataka kunitia kwenye friji la kuku?" Plastiki hakuitazama vizuri. Kioo alikishika muda mrefu kidogo, akauliza kama kweli hakianguki, nikamwambia fundi kakipiga nyundo mbele yangu na hakikuanguka. Akakiweka chini. "Chagua utakacho," akasema. "Mie sina haja."

Nikachagua paneli, nikampigia fundi akate, na mama sikumwambia. Dhambi yangu hiyo. Nilijua maana ya kumfungia mbingu mwanamke ambaye hana pengine pa kuitazama, na nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kulala. Siku ya fundi kuja nikaiandika kwenye kalenda ya wizara iliyo kwenye friji, ile ya mfanyakazi, yenye sikukuu za serikali. Siku aliyokufa baba ilikuwa imezungushiwa duara. Nikahesabu miezi minne, nikaongeza siku kumi, nikaangukia Jumamosi, nikamwambia fundi Jumapili saa mbili asubuhi. Kila usiku nikawa nafuta siku moja kwa kalamu nyekundu, mama anapita nyuma yangu kwenda kunywa maji, hasemi kitu.

Jumatano ya wiki hiyo gharbi ilivuma, ule upepo wa jangwani unaokausha macho. Nilitoka asubuhi mama bado yumo chumbani kwake, nikasikia anaoga, nikaona ajabu kidogo saa ile, nikaondoka. Ofisini tulikuwa na mkutano mrefu, simu nimezima sauti. Nilipotoka karibu na adhuhuri nikakuta mama mdogo kanipigia mara tano.

Mama mdogo hapigi mara tano. Akipiga mara moja usipopokea anakununia. Nikampigia, ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia mama, hivyohivyo. Tena mama mdogo. Tena mama. Mkurugenzi alikuwa akinisemesha kuhusu faili, namwona midomo inakwenda. Nilichukua mkoba nikaondoka bila kumjibu, na hata leo hajaniuliza, nadhani uso wangu ulimjibu.

Nilipofungua mlango wa nyumba, hewa ya ndani ilikuwa ya moto na ilikuwa ikitembea. Nikajua. Nilipita sebuleni nimeshika ukuta. Mlango wa chumba cha vioo ulikuwa wazi, na juu, mahali pa kioo cha katikati, palikuwa na mbingu tupu na vipande vya utepe wangu vinapepea. Chini, kiti kimelala ubavu. Vioo juu yake, vingine virefu kama mkono wangu, vimesimama kwenye mto wake. Na chini ya vioo, nguo nyeupe ya mama.

Sikuita. Nilipiga magoti nikaanza kutoa vioo kwa mikono, navitupa nyuma, na nilikuwa nikisema, "Naja, naja, naja." Damu ikawa inaingia kwenye nguo ile na sikujua ya nani. Nikatoa kipande kikubwa, nikavuta nguo, ikaja. Ikaja yote, nyepesi, hakuna mtu ndani yake. Chini yake sakafu.

Akili ya mwoga haina uzuri. Mwingine angeshukuru. Mie nilifikiri kajikokota kaenda kufia chumbani, nikakimbia chumbani, nikakimbia chooni, nikafungua hata kabati. Damu yangu imejaa kwenye milango. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, nguo nyeupe kifuani, sijui niende wapi tena, nikasikia gari la mama mdogo nje, na sauti yake imetangulia kama kawaida, inamtukana mtu aliyeegesha gari lake vibaya. Ni mimi huyo.

Mama akaingia nyuma yake. Amevaa buibui lake jeusi la kutokea na mtandio wa buluu, macho ana wanja, na mkononi ameshika kipande cha plastiki yenye matundu.

"Tumekupigia simu tukachoka, na ulipopiga wewe misumeno ikatuziba masikio," mama mdogo akaanza. "Yule fundi wako wa Rusayl anasema umeagiza mafriji, mama yako anasema hayataki, tunataka idhini yako. Loo! Una nini?"

"Eda," nikasema. Sikuweza kusema jingine. "Jumamosi. Eda inaisha Jumamosi."

"Jumamosi ya nani? Eda imekwisha jana magharibi! Umehesabu kwa kalenda gani wewe?" Akaiona kalenda kwenye friji kupitia mlango wa jikoni, akashika kichwa. "Eda ya serikali! Miezi ya eda ni ya mwandamo, mtoto we, huo ndio usomi wenu?"

Kweli nilihesabu miezi ya mishahara. Mama alikuwa akihesabu kwa mwezi wa mbinguni, kwa kutazama juu kupitia vioo vile, na alinyamaza makusudi kwa sababu hakutaka ndugu waje na ubani na vigelegele vya kumtoa. Alioga, akavua nguo za eda akazitupa juu ya kiti cha baba, akamwambia ndugu yake ampeleke Rusayl. Matembezi yake ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi yalikuwa kwenda kuchagua paa.

Mama hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameona nguo kifuani kwangu, kisha mikono yangu, kisha akapita akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha vioo akasimama. Aliporudi alinishika kwa kiwiko akanipeleka jikoni, akafungua bomba. Mama mdogo akataka kusema, mama akamtuma akatafute bendeji dukani. Akaondoka bila ubishi, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Alinitoa vipande kwa kibano chake cha nyusi, kimoja kimoja, nami nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamwambia, "Nilidhani umo. Nilidhani umo chini."

"Najua."

"Siku zote nilikwambia kitaanguka!"

"Nilijua kitaanguka, mwanangu." Alikuwa ameinamia kiganja changu, sikumwona uso. "Wewe ulikuwa ukiogopa kitaanguka. Mie nilikuwa nikiogopa hakitoanguka."

Nilidhani sikusikia vizuri. Maji yalikuwa yakipita. Nikafunga bomba, na yeye hakunyamaza.

"Kujiua haramu. Lakini kukaa kwenye kiti cha mume wangu si haramu. Nikasema nitakaa hapo mpaka eda iishe, Mungu akitaka kunichukua anajua nilipo. Kila siku nilimwambia, nipo hapa. Jana adhana ya magharibi ikaadhiniwa, nipo hai. Nikasema basi, hakunitaka. Nikalala. Asubuhi nikasema, nikamchagulie mtoto wangu paa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Yote ya nyuma, ngazi, ndoto, ile mbingu tupu, yalikuwa mchezo. Mie nilikuwa nikilinda kichwa chake dhidi ya kioo, na siku zote hizo aliyekuwa akitaka kuniondolea mama yangu alikuwa ni mama yangu mwenyewe, nami nikimpelekea chai pale pale alipokaa.

"Nimechukua plastiki," akasema, na akaanza kunipangusa kidole kwa kidole. "Fundi kasema hata ikimwangukia mtu haimuui. Nimemuuliza mara mbili."

Nilimshika mkono juu ya bangili, alikuwa amezivaa tena, nikaubana kwa nguvu zote na kiganja kinavuja.

"Niachie," akasema. "Unanichafua nguo."

Sikumwachia.